Dada Wawili na Warushaji Wao

Baltimore, 11 Septemba 1983

Lodzia mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Wendell wako, na mwingine yeyote huko kwenye barafu anayestahili salamu. Mimi ni mzima. Goti linalalamika nami nalipuuza, kama nilivyompuuza marehemu Stefan maisha yetu yote ya ndoa, na wote wawili wamezoea. Filomena, yule Mwitaliano wa nyumba ya pili, amechemsha nyanya za mwaka mzima na mtaa unanuka kitunguu saumu. Tumeletewa padri mpya. Anahubiri haraka kama mtu aliyeacha gari likiwaka barabarani, kwa hiyo tunampenda.

Sasa jambo lenyewe. Juzi redioni waliuliza: kati ya warushaji wa mpira wa Kimarekani wa enzi zetu, nani alikuwa mkubwa kuliko wote? Nikapiga simu. Kabla sijapokewa, jamaa mmoja akasema Bart Starr wa Green Bay. Kwenye redio ya Baltimore, Lodzia. Na mtangazaji hakumkatia simu. Zamu yangu ilipofika nikasema hivi: mrushaji kazi yake ni kupokea mpira, kuyatazama majitu yanayokuja kumvunja mbavu, na kuamua kufumba na kufumbua amrushie nani. Johnny Unitas wetu wa Baltimore alifanya hivyo. Starr alikuwa anageuka na kumkabidhi mwenzake akimbie nao. Hata mtu wa posta anafanya hivyo, na hakuna anayemjengea sanamu.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni damu yangu uliyekwenda kuolewa kwa adui, na nataka jibu lako kwa maandishi. Simu hatuiwezi. Tukishika simu tunagombana kabla ya salamu.

Dada yako,
Bronia

*

Green Bay, 3 Oktoba 1983

Dada Bronia,

Shikamoo, na pole na goti. Sisi huku hatujambo. Majani yameanza kuwa mekundu, na jikoni nimepika sufuria la supu ya kuku linaloweza kulisha kikosi cha jeshi. Marlene ameandika kutoka Oregon, anasema ameacha kula nyama. Sikumlea hivyo. Wendell anakusalimu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana kwa hasira sikuweza kukaa. Mtu wa posta? Vikombe vitano, Bronia. Unitas wako alichukua vingapi hata useme? Na ile siku ya mwisho ya mwaka sitini na saba, nilikuwepo uwanjani. Baridi ilikuwa kali hadi filimbi zikaganda midomoni mwa waamuzi. Sekunde chache zimebaki, tuko nyuma, mstari uko pale pale mbele, na ardhi imekuwa kioo. Starr hakumkabidhi mtu. Aliubana mpira kifuani akajitupa mwenyewe katikati ya milima ya nyama, akaingia. Unitas wako angekuwa anatafuta mtu wa kumrushia mpaka leo, na sisi tungekuwa tumeganda pale kama samaki wa dukani.

Kurusha si ushujaa. Watoto wanarusha mawe. Ushujaa ni kujua lini usirushe.

Jumapili nilikwenda uwanjani na Dolores, dada yake Wendell. Alikuja na kahawa aliyoitia kitu, tukaimba.

Mdogo wako mpendwa, aliyekuwepo,
Lodzia

*

Baltimore, 30 Oktoba 1983

Lodzia,

Namshukuru Mungu kwa afya yako na kwa kahawa ya Dolores. Mimi niliteleza kwenye ngazi za mlangoni nikizisugua. Mkono una bandeji, hakuna kilichovunjika. Ngazi zenyewe zimetakata, na ndilo la maana, maana mwanamke wa mtaa huu hahukumiwi kwa dhambi zake, anahukumiwa kwa marumaru ya ngazi zake.

Umenikumbusha vikombe vitano. Mtu akipanda gari moshi akafika Chicago, unampongeza yeye au dereva? Starr alikuwa na timu inayoweza kushinda hata ukimsimamisha babu yetu pale nyuma na fimbo yake. Unitas alifukuzwa Pittsburgh kama mbwa aliyeingia kanisani, akawa anacheza kwenye viwanja vya vumbi kwa dola sita, ndipo sisi tukamwita. Yule alikuwa mtu wetu. Mabega yamepinda kama ya fundi bomba, viatu virefu vyeusi vya mzee, nywele zimekatwa kama ufagio. Lakini mwaka hamsini na nane, kule New York, muda unakwisha na sisi tuko nyuma, alisimama pale kama anasubiri basi. Akarusha, akarusha tena, tukasawazisha. Kisha muda wa nyongeza. Karibu kabisa na mstari, pale ambapo Starr wako angekumbatia mpira na kusali, yeye akarusha tena. Mpira ungenaswa na wapinzani, tungepoteza kila kitu. Walipomuuliza baadaye, alijibu kwamba ukijua unachofanya mpira wako haunaswi. Hayo ni maneno ya mtu, si ya posta.

Na usiniambie habari ya mechi ya sitini na tano, ile mliyotuibia huko kwenu kwa mpira wa teke uliopita nje ya nguzo huku mwamuzi akiota. Wewe ulikuwa umekaa nyuma ya nguzo zile zile, na miaka yote hii hujawahi kunijibu uliona nini.

Kwa nini ulikwenda uwanjani na Dolores? Wendell yuko wapi?

Bronia

*

Green Bay, 21 Novemba 1983

Dada Bronia,

Natumaini mkono umepona. Theluji imeshaanguka, mtaa umenyamaza. Nimeoka mkate wa mbegu za popi kama wa mama, ukawa mgumu, nimewapa ndege, nao wameutazama tu.

Wendell ana mafua. Ndiyo maana.

Sasa nikuulize na mimi. Barua yako ya mwisho ilikuwa na nini? Mistari imepandana, mmoja umekaa juu ya mwenzake kama abiria. Neno «Unitas» umeliandika juu ya neno «mwamuzi», na chini ya ukurasa umeendelea kuandika hadi mezani, maana sentensi moja imekatika katikati. Ulikuwa umelewa? Kama ulikuwa umelewa sema, nitafurahi. Au ni ule mkono?

Jambo jingine. Wewe zamani ukisimulia mechi unaniambia nani alivaa nini na kocha alitafuna nini. Mwaka huu unaniambia tu walichosema redioni. Televisheni imekufa?

Njoo Krismasi. Chumba kipo. Nitakupikia pierogi za kuchemsha zilizojaa viazi, nawe utawatukana majirani zangu, wamekuwa wanakungoja.

La sitini na tano silizungumzi.

Lodzia

*

Baltimore, 28 Desemba 1983

Lodzia mdogo wangu,

Heri ya Krismasi iliyopita. Kama unavyoona, mwandiko si wangu. Mkono una baridi yabisi, kwa hiyo Filomena anaandika ninachosema. Ana mwandiko mzuri, alisomeshwa na masista.

Nisamehe, nisingeweza kuja. Njia ndefu, goti.

(Mimi Filomena. Goti halina kitu. Jana alipanda ngazi mbele yangu.)

Habari kubwa ni kwamba mmemfukuza Starr. Nimesikia redioni. Miaka tisa amekuwa kocha wenu, na wiki iliyopita mkamwonyesha mlango. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kukucheka. Nilitaka kusema hata vikombe vitano havimfundishi mtu kufundisha. Lakini nilipokaa nayaandaa nikakumbuka tulivyomuuza Unitas California kama kiti cha zamani, akamalizia kwa watu wasiomjua. Kwa hiyo sisemi kitu. Miji yetu yote miwili haina adabu.

Hapa hali ni njema. Nasoma, nafuma, naangalia mpira.

(Signora Lodzia, siwezi kuandika uongo, mimi ni Mkatoliki. Dada yako hasomi. Hafumi. Anaketi mbele ya televisheni ameigeuzia shavu kama kuku, maana anaona kingo tu. Katikati ya macho yote mawili kuna doa, na daktari amesema doa halitoki na litazidi kukua. Tangu Mei. Kwenye zile ngazi hakuteleza, alikosa kuiona ngazi. Krismasi alinikaribisha kahawa akanitilia unga wa viungo vya kupikia kaa badala ya sukari. Nikainywa, maana alikuwa amefurahi.)

Filomena ameandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Namuuliza ameandika nini, anasema ameweka nukta.

Nakutakia mwaka mwema. Nisalimie Wendell na mafua yake.

Bronia

*

Green Bay, 16 Januari 1984

Dada Bronia, na wewe Signora Filomena unayemsomea,

Salamu zenu nitawapa mwishoni, kama zitabaki.

Filomena, msomee neno kwa neno, na akitaka kuondoka mfungie mlango.

Bronia, tangu Mei. Umeniandikia kuhusu viatu vya Unitas na padri na kitunguu saumu, na huoni. Nimelia, kisha nimepiga sufuria ukutani, sasa rangi ya jikoni imebanduka. Mama alikuwa anatuambia mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe ulikuwa unajifanya husikii hata enzi hizo, macho yakiwa mazima.

Haya, na mimi nitoe langu, maana naona aibu kukuhukumu nikiwa nimekaa juu ya langu. Wendell hana mafua. Wendell hayupo. Aliondoka Juni na mwanamke wa klabu yao ya mchezo wa boling, anaitwa Trudy, ana nywele za rangi ya karoti na nyumba ndogo kando ya ziwa. Alichukua gari, mbwa na kiti chake cha kuegemea. Nilimwacha achukue. Lakini kisha wakili wake akaandika kwamba anataka viti vyetu viwili vya uwanjani tunavyovilipia kila msimu. Hapo nikaamka. Watu hapa wanawaandikisha watoto wachanga kwenye foleni ya viti vile na wanakufa hawajapata. Nyumba hatugombanii, ndoa hatugombanii, tumekwenda kwa hakimu kugombania sehemu mbili za benchi la chuma lenye barafu. Hakimu mwenyewe alishangaa jambo moja tu, kwamba viko mstari mzuri hivyo.

Dolores ni dada yake wa tumbo moja, na hajamsemesha tangu Juni. Ndiyo maana nakwenda naye.

Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungesema «nilikwambia». Ulinikataza kuolewa naye mwaka arobaini na sita, kwenye ngazi zile zile, mbele ya watu.

Na maadamu tunasema kweli: mwaka sitini na tano mpira ulipita nje. Kwa macho yangu mimi uliipita nguzo kwa nje, na mpigaji alitikisa kichwa kabla mwamuzi hajanyanyua mikono. Wote walionizunguka walishangilia, nami nikashangilia. Sikukuambia kwa sababu ungeichonga kwenye jiwe la kaburi langu.

Sasa sikiliza. Njoo ukae nami. Nyumba ni kubwa, chini hakuna ngazi hata moja, na hospitali iko karibu. Nitakusomea magazeti. Nitakuelezea mechi. Usinijibu upesi.

Zimebaki salamu kidogo. Chukueni.

Lodzia

*

Baltimore, 19 Februari 1984

Lodzia,

Tumepata barua yako. Filomena aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya kuigiza. Alipofika kwenye nguzo aliishusha barua aone nitafanya nini. Nilifikiri nitaruka juu. Miaka yote ile niliusubiri mstari huo. Nikamwambia tu aendelee.

Kuhusu Wendell sisemi «nilikwambia». Nilikuwa nimekosea. Nilisema ni mjinga, na mjinga asingepata mwanamke mwenye nyumba kando ya ziwa. Pole, mdogo wangu. Mwezi Juni nilikuwa nakuandikia kuhusu bei ya kaa.

Jibu langu ni hapana. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Hapa nyumbani mimi si kipofu. Mkono wangu unajua kila kitu kilipo. Najua ubao unaolia, najua bomba la maji ya moto ni lipi, najua nikitoka mlangoni hatua ngapi hadi kwa Filomena. Nikipita mtaani wananiita kwa jina na sauti zao nazijua tangu wamezaliwa. Huko kwako nitakuwa fanicha. Utanihamisha kutoka chumba hadi chumba na kunifuta vumbi. Utakuwa mwema sana, na hilo ndilo ninaloliogopa.

(Filomena: Wiki hii aliacha jiko la gesi wazi bila moto. Nilinusa mimi nikiwa kwangu. Simwachi, lakini mimi nina miaka sabini na miwili na mwanangu anataka nihamie kwake Delaware mwezi wa sita.)

Umeniuliza televisheni. Haijakufa. Nimegundua jambo la ajabu. Nikiigeuzia shavu naona rangi za pembeni tu, majani na watu wa nje ya mstari, na pale mpira ulipo pana shimo. Lakini nikifumba macho namwona Unitas mzima, hadi kamba za viatu. Ndiyo maana nilipiga simu redioni. Si kwa ajili ya kubishana. Nilitaka kumzungumzia mtu ninayemwona bado.

Usije kunihurumia. Ukija kwa huruma nitakusikia kwenye hatua zako.

Bronia

*

Green Bay, 2 Aprili 1984

Dada Bronia,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu na nimefanya makusudi. Uliniambia nisikasirike kabla ya kumaliza kusoma, nikamaliza, nikakasirika, ikanichukua muda.

Wiki iliyopita nilikuwa nakunywa kahawa na Dolores, televisheni ikaonyesha malori. Usiku mmoja tu, timu nzima ya Baltimore imepakiwa, kofia, mabegi na vyuma vya mazoezi, ikapelekwa Indianapolis kama mpangaji anayekimbia kodi. Nikacheka. Nakuambia kweli, jambo la kwanza nilicheka, na Dolores akacheka. Kisha wakamwonyesha bibi mmoja amesimama nje ya lango kwenye theluji ya maji, amevaa koti la bluu. Hakuwa wewe, alikuwa mnene kuliko wewe. Nikazima televisheni. Dolores akaniuliza, «Sasa utafanya nini?» Nikamwambia, «Kuhusu nini?» Akasema, «Lodzia, usinifanye mjinga, mimi ni mtu wa familia ya Wendell lakini si Wendell.»

Basi sikiliza nilichofanya. Hakimu amenipa mimi viti vyote viwili. Wakili wangu alitaka tunywe kitu kusherehekea. Nikakaa navyo siku kadhaa, karatasi mbili juu ya meza. Vile viti nimevikalia tangu nikiwa na kiuno. Nilikuwa palepale baridi ilipogandisha filimbi. Sheria ya timu inakataza kuviuza, unaruhusiwa kuvihamishia kwa ndugu tu. Kwa hiyo kimoja nimempa Dolores. Na kingine nimempa Wendell.

Usitupe barua. Fikiri kwanza. Viko bega kwa bega. Dolores ana mdomo unaoweza kubandua rangi ya gari, na ameapa hatakosa mechi hata moja mpaka mmoja wao afe. Wendell alinipigia simu kunishukuru. Bado hajajua nani atakaa pembeni yake.

Nyumba nimeitangaza kuuzwa. Nakuja Baltimore, Bronia. Si kwa huruma. Huruma yangu niliimalizia kwenye ukuta wa jikoni. Nakuja kwa sababu sitaki tena kula peke yangu nikizungumza na ndege wasiokula mkate wangu, na kwa sababu wewe ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kumtukana nikiwa na nguo ya kulalia. Fanicha sitagusa. Wewe ndiye utakayenihamisha.

Bila shaka utakataa. Andika barua ya kukataa, nitaisoma njiani.

Lodzia

*

Baltimore, 15 Aprili 1984

LODZIA

NAANDIKA MWENYEWE KWA KALAMU YA KUANDIKIA MABOKSI. FILOMENA ANASEMA INASOMEKA, LAKINI ANALIA KWA HIYO SIMWAMINI.

MALORI SIKUYAONA. ASUBUHI NILIWASHA REDIO, MTANGAZAJI AKAKAA KIMYA MUDA MREFU MPAKA NIKAIGONGA. KISHA AKASEMA. MTAA MZIMA ULITOKA KUKAA KWENYE NGAZI. HATA WATU WASIOPENDA MPIRA WALITOKA.

KUHUSU VITI, SIJACHEKA HIVYO TANGU MAZISHI YA STEFAN, NA HATA PALE NILIJIZUIA. NAJUA VILIKUWA NINI KWAKO. SISEMI ZAIDI, KALAMU INANUKA.

STARR ALIKUWA MCHEZAJI MZURI. SIKUSEMA MKUBWA. UKIFIKA TUTAENDELEA.

CHUMBA CHA MBELE NI CHAKO. FILOMENA ALIKWENDA KUTANDIKA KITANDA AKAKUTA TAA HAIWAKI. ANADHANI HAIWAKI TANGU MWAKA JANA. MIMI NILIKUWA NAIZIMA KILA JIONI.

NJOO NA BALBU.

BRONIA